Sista wa Alhamisi

Alikuwa na namna mbili za kukutana na mtu barabarani. Kama ulikuwa mgonjwa wake wa malaria, wa kidonda au wa kujifungua, alikuita kutoka ng'ambo ya barabara na kukuuliza habari za tumbo lako mbele ya waendesha bodaboda na mwenye duka, nawe ukajibu. Kama ulikuwa mgonjwa wake wa Alhamisi, hakukufahamu. Alipita karibu nawe kiasi cha nguo kugusana, macho yake yakiwa kwenye mafungu ya nyanya, na kama hukumwamkia wewe kwanza, siku hiyo hamkuonana.

Alhamisi ilikuwa siku ya wanaotafuta mtoto. Kituo cha afya cha kanisa alichofanyia kazi kipo kati ya Bugene na Kayanga, na siku nyingine zote kilikuwa kama kituo chochote: watoto wenye homa, wazee wenye presha, vijana walioanguka na pikipiki. Alhamisi saa nane mchana, wengine wakishaondoka, aliketi na wanandoa. Hakuwa daktari. Alikuwa nesi na mkunga aliyesomea utrasaundi, na daktari alikuja mara moja kwa mwezi kutoka hospitali kupitia mafaili na kuidhinisha dawa. Tulimwita Sista kama tunavyowaita manesi wote. Mtawa hakuwa. Wageni waliomwomba awaombee aliwajibu kwamba yeye ni Mlutheri, ni mke wa mtu, na maombi yana siku yake.

Sheria ya barabarani aliieleza mapema, kabla hujaketi vizuri. "Humu ndani nitakuuliza mambo ambayo hata mama yako hayajui. Huko nje sikujui. Ukitaka nikujue, niamkie wewe kwanza. Usiponiamkia sitakasirika."

Wengi hawakumwamkia kamwe. Wapo watoto Kayanga wanaokwenda shule leo kwa sababu ya mikono yake, na mama zao wakimwona wanavuka barabara. Sikuwahi kumsikia akilalamika.

Mimi nilimfahamu kabla ya Alhamisi. Wazazi wetu walifariki wakifuatana, mama miezi mitano baada ya baba, nami nilikuwa darasa la sita huko Ihembe. Niliacha shule kwa kuwa wadogo zangu walikuwa watatu na migomba haijipalilii. Sista alikuwa anakuja Ihembe na kliniki ya mkoba, wanapima watoto uzito kwenye mzani ulioning'inizwa kwenye boriti ya darasa. Nilimpeleka mdogo wetu wa mwisho, Mugisha, mgongoni.

"Mama yake yuko wapi?" akaniuliza.

"Mimi ndiye niliyemleta."

"Sikuuliza nani kamleta."

Nikamwambia. Akaandika kwenye kadi bila kuinua kichwa, akamtundika Mugisha kwenye mzani, akasema amepungua. Hakuniambia pole, na nilishukuru, maana nilikuwa nimechoka na pole za watu. Kuanzia siku hiyo aliniita Mkubwa. Jina langu lilikuwa kwenye kadi na alilijua, lakini alipita na gari la kliniki, akashusha kioo, akaita, "Mkubwa! Watoto wamekula?" Hilo ndilo lililokuwa swali lake kwangu, miaka yote. Nikisema wamekula, kioo kinapanda, gari linaondoka. Nikisema bado, kioo kinapanda vilevile, na safari inayofuata anashuka na maharage yaliyofungwa kwenye kanga, ananikabidhi kama mtu anayerudisha kitu alichoazima.

Niliolewa nikiwa na miaka thelathini na miwili, Mugisha alipomaliza kidato cha nne. Nilisema sitaondoka Ihembe mpaka wa mwisho amalize, na aliyenitaka alinisubiri. Ni mfugaji, wa familia ya wafugaji upande wa Kyerwa, kwenye mbuga zilizo wazi, mwendo wa dakika hamsini kwa pikipiki mpaka Bugene kama mvua haijanyesha. Mtu wa maneno machache, mwenye kofia ambayo huivua zaidi mbele ya ng'ombe mgonjwa kuliko mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Tulikaa miaka minne bila mtoto. Mama mkwe wangu hakunitukana. Alikuwa akiniambia tu, tukiosha vibuyu vya maziwa, "Umelea wa mama yako wote, labda tumbo limeona limemaliza kazi." Nikamwendea Sista.

Alinisikiliza, akafungua faili, akanieleza sheria ya barabarani kama alivyomweleza kila mtu. Nilifikiri mimi haitanihusu. Wiki iliyofuata nilikutana naye nje ya posta Kayanga. Akatazama juu ya kichwa changu, akapita. Nami sikumwamkia, kwa sababu nilikuwa na wifi yangu. Hivyo ndivyo nilivyopoteza salamu niliyokuwa nayo tangu utoto, na niliipoteza mwenyewe.

Ndani ya chumba alikuwa mtu wa maneno makavu. Hakusema "kizazi", hakusema "mambo ya ndani". Alitaja kila kitu kwa jina lake, mwanamume akikohoa kwa aibu alimsubiri amalize kukohoa, kisha akarudia neno lilelile. Mezani alikuwa na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile ya kuchemshwa na kukaushwa tunayowapa wageni. Aliwapitishia mume na mke kabla ya kuuliza lolote. Alisema mtu anayetafuna kahawa hawezi kujibu haraka, na jibu la haraka kwa kawaida si la kweli.

Alikuwa na misemo miwili ambayo wagonjwa wake tuliijua. Wa kwanza, "Sijui nayo ni jibu." Ulimuuliza kwa nini huzai, na kama vipimo havikuonyesha kitu alisema hajui, akakutazama mpaka ukubali kwamba umejibiwa. Wa pili, "Tunarudia." Damu ikiganda kwenye kichupa kabla ya kupimwa, kadi ikipotea, tarehe ikikosewa, hata kama ni yeye aliyekosea, alisema, "Tunarudia." Miaka yote niliyomfahamu sikuwa nimemsikia akisema samahani. Watu wa maabara walimtania kwamba neno hilo alilisahau chuoni.

Kisha ikaja korona.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na saba. Mirija yangu ilikuwa imepigwa picha Bukoba, ikaonekana iko wazi. Kilichobaki kilikuwa kupima mbegu za mume wangu na kuanza vidonge vya kukomaza mayai. Kwa maneno mengine, nilikuwa mlangoni. Daktari wa kila mwezi aliacha kuja. Ikaletwa habari kwamba matibabu yasiyo ya haraka yasubiri. Watu walisema mambo mengi siku zile. Wapo waliosema ugonjwa umekwisha, wapo waliosema haujafika, wapo waliozika watu wao na kunyamaza. Sista hakubishana na yeyote. Alisema, "Nawa," akakuonyesha ndoo.

Alichofanya ni kugawa mafaili mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa la wanaoweza kusubiri, fungu la pili la wasioweza. Wa miaka ishirini na minne alimrudisha nyumbani hata kama analia. Wa miaka thelathini na tisa alimbakisha. Msimamizi wa kituo alimuuliza tangu lini kutafuta mtoto kukawa jambo la haraka, akamjibu, "Umri nao ni ugonjwa wa haraka. Ila hautoi homa." Wakakubaliana kwamba ataendelea na wale wachache, daktari akiidhinisha dawa kwa simu, na kwamba siku atakapougua mtu mmoja kwa sababu ya Alhamisi, Alhamisi itafungwa.

Basi akaibadilisha siku yake yote. Benchi alilitoa nje chini ya upenu, akapaka alama za chokaa, kila mtu na alama yake. Ulipewa saa, na ukija kabla ya saa ulikaa kule getini. Madirisha ya chumba cha utrasaundi aliyafungua mpaka mengine yakang'oka bawaba. Kila baada ya mgonjwa alifuta kitanda na mashine mwenyewe, akasubiri hewa ipite, akihesabu kwa saa ya mkononi. Aliuliza kuhusu kikohozi, homa, na kama unasikia harufu ya ndizi zikichomwa. Ukijibu vibaya swali moja, unarudi nyumbani, na mwezi huo umepotea. Kahawa hakuifuta. Aliifunga vipande vya majani ya mgomba, kila mtu na kifurushi chake kilichofungwa kwa kamba ya mgomba, ukatafune nyumbani.

Na kila mwanamke alimwambia neno lilelile kabla ya kidonge cha kwanza: "Ukishika mimba sasa, sijui ugonjwa huu utakufanyia nini wewe wala mtoto. Hata wakubwa wangu hawajajua vizuri. Nenda kaamue, urudi." Mmoja alirudisha faili lake na hakuonekana tena mpaka mambo yalipotulia. Sista alimsifu.

Vita yake kubwa haikuwa na kirusi, ilikuwa na mama wakwe. Katika familia nyingi za huku mke asiyezaa haendi kutibiwa peke yake. Mama mkwe humsindikiza, hukaa naye, husikia majibu, na mara nyingi ndiye anayeyajibu maswali. Sista akaandika kwenye kadi: mke peke yake. Walimjia juu. Nilikuwepo siku mama mmoja alipokaa kwenye alama ya chokaa ya mtu mwingine na kukataa kuondoka.

"Nimemtolea mahari mimi."

"Basi mahari yako iko salama ndani, mama. Wewe kaa getini."

"Unajuaje kama sina neno la kusema?"

"Najua unalo. Ndiyo maana nataka ukae getini."

Wanaume nao walikuwa na yao. Ilikuwa siku za kujifukiza, kila nyumba ina sufuria ya majani ya mchaichai na mkaratusi, na mtu akifunikwa blanketi anafunikwa mzima. Sista aliposikia kwamba mgonjwa wake mmoja anajifukiza asubuhi na jioni, akiwa amechuchumaa juu ya sufuria bila nguo, alimwita dirishani. "Baba, huo mvuke upeleke puani kama unauamini. Lakini kule chini usikupike. Mimi natafuta mbegu hai, wewe unanichemshia." Yule bwana aliondoka akicheka, na sisi wengine kwenye alama zetu tulitazama miguu yetu.

Sasa nieleze habari ya barafu.

Zamani wanaume walitoa mbegu kituoni, katika chumba kidogo kisicho na dirisha. Sista alikifunga kwa sababu ya hewa. Badala yake mume alipewa kikopo na karatasi ya maelekezo: atoe nyumbani, afikishe ndani ya saa moja, akabidhi kikopo dirishani, aondoke. Karatasi ilisema kikopo kisipigwe na jua. Haikusema kibebwe wapi. Zamani haikuhitajika kusema, na kabla ya korona Sista angekaa na kila mwanamume, angemuuliza amefikaje, angeshika kikopo kwa mkono. Sasa alikuwa na glavu mbili, na kikopo kilikuwa kinawekwa kwenye sinia.

Mume wangu ni mfugaji. Amemwona mtaalamu wa mifugo akija na mbegu za dume kutoka mbali, ziko kwenye mtungi unaofuka baridi, na ndama wakazaliwa. Akafikiri kama mtu mwenye akili. Alfajiri ile alichukua chupa ya chai, akapitia dukani akanunua barafu za watoto, zile za rangi, akakizungushia kikopo, akafunga. Alipofika getini akakitoa, akakifuta kwa leso ili kiwe kisafi, akakiweka kwenye sinia ya dirishani. Alijivunia sana. Mimi alinificha, kwa kuwa mambo hayo hayaongelewi.

Siku mbili baadaye Sista alipiga simu. Zamani majibu ya namna hiyo aliyatoa uso kwa uso, tena baada ya kupima mara mbili. Lakini sasa alikuwa anapunguza watu. Mume wangu alikuwa anakamua, mikono imejaa maziwa, simu iko kwenye nguzo ya zizi imewashwa sauti ya nje. Mama yake alikuwa ameshika kamba ya ndama. Kaka zake wawili walikuwa pale.

"Naweza kuzungumza?" Sista akauliza.

"Zungumza."

"Nimeangaliziwa mbegu zako. Hakuna inayotembea. Hata moja."

Mume wangu alimaliza kumkamua yule ng'ombe. Akachukua simu, akasema ahsante, akaizima.

Hakuna aliyemcheka, na labda ingekuwa afadhali wangemcheka. Mama mkwe, ambaye kwa miaka minne alizungumzia tumbo langu kila tulipoosha vibuyu, sasa aliosha vibuyu kimya. Kaka mkubwa alianza kunong'ona kwamba yako mambo ambayo wazee walijua kuyamaliza ndani ya ukoo, ndugu akimzalia ndugu. Mume wangu akahamia kwenye kambi ya mbali na ng'ombe, akawa anarudi Jumamosi. Jumamosi ya tatu aliniambia, bila kuketi, "Rudi Ihembe. Wewe huna kosa. Utapata mtu mwingine kabla hujazeeka."

Nilimwambia nimelea watoto watatu bila kumwacha hata mmoja, na yeye sitaanza naye. Lakini usiku huo sikujua nitafanya nini.

Kesho yake niliosha ile chupa ya chai. Kifuniko kilikuwa na rangi nyekundu iliyoganda, na haikuwa ya chai. Nikamuuliza. Akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo linalojulikana na kila mtu, "Si nilizihifadhi. Kama za dume."

Nilipanda kichuguu, mbali na masikio ya watu, nikampigia Sista.

"Barafu?" akauliza.

"Barafu."

"Ya namna gani?"

"Za watoto. Nyekundu."

Nikasikia karatasi za faili zikifunuliwa.

"Za ng'ombe zinaandaliwa kwanza kwa dawa ndipo zigandishwe," akasema. "Za mtu ukizipiga baridi hivyo zinakufa njiani. Nani alisikia nilipopiga simu?"

Nikamtajia.

"Wote?"

"Wote."

Nilisubiri aseme "Tunarudia." Akakata simu.

Alikuja siku iliyofuata, ambayo ilikuwa siku yake ya mapumziko, kwa pikipiki, na barakoa ya kitenge iliyojaa vumbi. Alikuwa na pumu. Njia ile haikumfaa. Hakuingia ndani. Alisimama nje ya uzio wa zizi, akaomba niwaite mume wangu, mama yake na kaka zake. Nikamwambia mume wangu pekee anatosha. Akasema, "Waliosikia kosa wasikie na marekebisho."

Walipokuja wakasimama upande wa pili wa uzio. Akamtazama mume wangu.

"Baba, nimekosea. Sikukuuliza umebeba wapi, na sikukuuliza nani yuko karibu nawe. Maswali mawili ambayo nimeyauliza miaka yote, nikayaacha kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuwakimbiza watu dirishani. Kipimo kile si chako. Ni cha barafu. Naomba unisamehe."

Kaka mkubwa akasema, "Kumbe kosa ni la barafu yake."

"Hapana," Sista akasema. "Yeye alifanya kama alivyoona kwa wataalamu. Asiyeuliza ni mimi."

Mume wangu alikuwa ametazama chini. Akavua kofia.

Mama mkwe akaingia ndani, akatoka na kikapu cha kahawa. Nilijua maana yake, na Sista alijua. Kahawa ile hutolewa kwa mtu aliyesamehewa, wote mnachota kwenye kikapu kimoja, mnatafuna pamoja. Kuikataa ni kurudisha msamaha. Sista akafungua mkoba, akatoa kipande cha jani la mgomba, akakishika kwa mikono miwili.

"Nimiminie hapa, mama."

Mama mkwe akasita. "Unaogopa mate yetu?"

"Naogopa yangu. Mimi ndiye ninayekutana na wagonjwa kila siku. Nyinyi mko salama huku na ng'ombe wenu."

Mama mkwe akamiminia. Sista akarudi nyuma hatua kumi, akatupa mgongo, akashusha barakoa, akatafuna akitazama mbuga. Nasi tukatafuna upande wetu. Tulikaa hivyo mpaka kahawa ikaisha.

Tulirudia. Safari hii mume wangu alilala kwa Mugisha, ambaye amepanga chumba Bugene, dakika tano kutoka kituoni. Alibeba kikopo kwapani, ndani ya shati. Sista alikuwa dirishani. "Umebeba wapi?" Kuanzia siku ile alimuuliza kila mwanamume swali hilo kwa sauti, na karatasi ya maelekezo ikapata mstari mpya: kwapani, si kwenye barafu. Majibu alimpa mume wangu mwenyewe, pale upenuni, kila mmoja kwenye alama yake. "Zinatembea. Si wakimbiaji, lakini zinatembea na zinajua njia."

Nilianza vidonge. Mwezi wa kwanza haukuleta kitu. Mwezi wa pili yai lilikuwa linakomaa vizuri, na siku moja kabla ya utrasaundi mama mkwe alishikwa na homa na kikohozi. Nilipoulizwa maswali ya getini nilisema kweli. Sista akanirudisha.

"Mimi sina homa," nikamwambia.

"Bado."

"Sista, nina miaka thelathini na minane mwezi ujao."

"Umri wako naujua kuliko wewe, niliandika kadi ya mdogo wako. Mwezi huu tumeupoteza. Nenda kamuuguze mama mkwe wako, lala chumba kingine, fungua madirisha."

Nilimchukia njia nzima mpaka nyumbani. Nilimuuguza mama mkwe wiki mbili, nikampa uji kwa mkono wangu nikiwa nimefunga leso usoni. Alipona. Baada ya hapo hakuzungumzia tena tumbo langu. Mimba ilishika mwezi wa nne wa vidonge, na mtoto wa kike alizaliwa salama, mzito, mwenye kelele.

Ningependa kusema kwamba mwanamke yule hakuwahi kuvunja sheria zake. Alizivunja mara moja. Hakuna mgonjwa wa Alhamisi aliyejulikana kuupata ugonjwa pale kwenye benchi, lakini yeye aliupata. Mwenzake wa kwaya alifariki, akaenda msibani, akasimama na kwaya, akaimba beti zote barakoa ikiwa kidevuni. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alisema mtu hawezi kuimbia maiti nyuma ya kitambaa. Nikamwambia kwamba angekuwa mgonjwa wake angemfukuza. Akasema, "Ningemfukuza." Alilazwa muda mrefu. Alipotoka, mapafu hayakurudi yalivyokuwa, na hakumaliza mwaka kabla ya kustaafu. Alhamisi anaiendesha nesi kijana sasa. Nimesikia anauliza, "Umebeba wapi?"

Binti yetu alipokua kidogo, habari zake zilianza kupata maelezo. Mama mkwe alisimulia kwamba ni matunda ya maombi ya kufunga. Shemeji zangu walisimulia kwamba ni mizizi ya mzee mmoja wa Kyerwa. Mume wangu hakusimulia lolote, na mimi nilinyamaza kwa ajili yake. Mara mbili nilimwona Sista Kayanga, amekonda, anatembea kwa fimbo. Mara zote mbili nilikuwa na watu. Mara zote mbili alitazama kwingine, na mimi nikamwacha atazame.

Mwaka huu, siku ya soko, tulikwenda Kayanga wote watatu. Mume wangu alikuwa amesimama na wanunuzi wa ng'ombe wanne, na kaka yake mkubwa, wanabishana juu ya fahali. Mimi nilikuwa hatua chache kando, nimemshika mtoto mkono, naye anakula ndizi ya kuchoma. Sista akatokea upande wa maduka ya nguo. Alikuwa anasimama kila baada ya hatua kadhaa kupata pumzi. Akatuona. Akageuza macho kwenye nyanya.

Nilifungua mdomo. Kabla sijasema, mume wangu aliwaacha wale wanaume katikati ya maneno, akavuka, akavua kofia, akasimama mbele yake.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba." Akamtazama vizuri, kisha akawatazama wale wanaume nyuma yake. "Sikufahamu, baba. Macho yangu yamezeeka."

Alikuwa anampa nafasi ya kuondoka. Niliielewa, na yeye aliielewa.

"Unanifahamu," mume wangu akasema. "Mimi ni yule wa barafu."

Mnunuzi mmoja akauliza, "Barafu gani?"

Kaka yake akamvuta shati. Mume wangu akautoa mkono wa kaka yake polepole, kama unavyomtoa ndama kwenye kiwele, akawasimulia. Alisimulia yote: chupa ya chai, kikopo, simu kwenye nguzo, na jinsi mama huyu alivyokuja kusimama nje ya zizi. Hajawahi kusema maneno mengi kiasi hicho kwa siku moja. Wanaume walicheka, mmoja mpaka akaketi kwenye gunia, na mume wangu akacheka nao.

"Nilinunua za ukwaju," akamalizia.

"Zilikuwa nyekundu," Sista akasema. "Ukwaju si mwekundu."

Kisha akaegemea fimbo, akageuka upande wangu. Alivuta pumzi, akaingoja itoshe.

"Mkubwa," akaita, katikati ya soko. "Mtoto amekula?"

Nikamwambia amekula.